Rangi ya Agosti

Kufikia katikati ya Agosti, ardhi ya Kesses huwa haina tena pa kuweka maji. Mvua iliyoanza mwisho wa Machi imenyesha Aprili na Mei, ikalegea kidogo Juni, kisha ikarudi Julai kwa nguvu mpya. Mahindi yamempita mtu kimo. Nguo zilizoanikwa asubuhi huanuliwa jioni zikiwa bado baridi mkononi. Ni katika majuma hayohayo ambapo mafundi wa rangi hupata kazi nyingi, kwa sababu Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 na chenye kampasi yake kuu hapa, huanza kupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Kila mwenye ploti, kuanzia Kesses senta hadi Cheboiywo, anataka chumba kiwe kinang'aa siku mzazi atakapofika na mwanawe, sanduku na godoro.

Na chumba hung'aa kweli. Krimu juu, kahawia au buluu ya mafuta chini mpaka usawa wa kiuno, na harufu ya upya inayompokea mtu mlangoni. Mzazi hulipa kodi akarudi kwao na moyo mtulivu. Novemba ikiingia, malengelenge yameshatokea karibu na sakafu, unga mweupe umechomoza kwenye kona, na nyuma ya kitanda ukuta umeota madoa meusi. Mwanafunzi husema rangi ilikuwa duni. Mwenye nyumba husema fundi aliizidisha maji ili ifike vyumba vyote. Fundi husema ukuta wenyewe ni mbovu. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, lakini baada ya kuvitazama vyumba hivi mwaka hadi mwaka naamini kosa lililoyazaa hayo yote ni la mwezi. Ukuta ule haukupaswa kuguswa na brashi mwezi ule.

Maji yaliyomo ndani ya ukuta lazima yatoke. Yakikuta uso ulio wazi hutoka kimyakimya kama mvuke. Yakikuta utando wa rangi huusukuma mpaka uvimbe. Njiani huwa yamebeba chumvi zilizokuwa katika mawe, mchanga na saruji, na yanapofika usoni na kukauka, chumvi hubaki hapo zikaganda kuwa fuwele. Unga mweupe tunaouona ndio huo. Fuwele zikikua nyuma ya rangi, huibandua hata kama ni rangi ghali kuliko zote za Eldoret. Watu wengi huuosha unga ule kwa kitambaa kilicholowa, na hapo chumvi huyeyuka upya na kurudi ukutani. Aufagie mtu kwa brashi kavu, na ukitokea tena aufagie tena, mpaka ukuta umalize ulichokuwa nacho.

Ule mkanda wa rangi ya mafuta chini ya ukuta unanisumbua zaidi. Tumeuzoea tangu shule za msingi, na sababu yake inaeleweka: matope ya viatu na mikono ya watoto hufutika kwa urahisi. Lakini rangi ya mafuta haipitishi mvuke kama ya maji, na pale inapopakwa ndipo hasa maji ya ardhini hupanda. Tumeziba mahali palipohitaji kuachwa wazi kuliko pengine popote. Unyevu ukikosa njia hapo chini hupanda juu zaidi, na ndiyo sababu utaona rangi ya krimu imeharibika kiganja kimoja juu ya mkanda, huku mkanda wenyewe ukionekana mzima kwa muda kabla haujaanza kubanduka vipande vizima.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayetaka kutengeneza ukuta ni kuuliza maji yanatoka wapi, na jibu mara nyingi liko nje ya nyumba. Ukizunguka ploti za hapa utaona udongo umerundikwa ukutani, kwa ajili ya maua au kwa sababu tu mvua imeuleta, mpaka umepita ile karatasi nyeusi ya DPC ambayo mwashi aliilaza juu ya msingi ili izuie unyevu kupanda. Karatasi ipo, lakini maji yameshapata daraja la kuirukia. Utaona paa lililokatwa fupi ili mabati yatoshe, halina mfereji, na matone yake yanachimba ardhi na kurusha tope jekundu ukutani. Jembe na mfereji wa bati vinaweza kuokoa chumba ambacho makopo matano ya rangi hayatakiokoa. Sikumbuki nikimwona fundi wa rangi akiitwa aje kwanza na jembe, wala simlaumu: analipwa kwa chumba alichopaka.

Kama mtu hana hakika iwapo unyevu unatoka ukutani au chumbani, kuna njia nyepesi. Achukue kipande cha nailoni, akibandike ukutani kwa utepe pande zote nne pasiwe na upenyo, akiache siku moja au mbili. Umande ukikaa upande wa ndani, unaogusana na ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikaa upande wa chumbani, yanatoka hewani, yaani kwenye sufuria, pumzi na nguo zilizoanikwa ndani.

Na chumbani, katika baridi yetu, ndiko maji mengi yanakotoka. Kesses iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai ni wa blanketi mbili. Waliojenga waliacha matundu ya hewa juu ya madirisha. Wapangaji wameyajaza magazeti, matambara na vipande vya katoni, na nani atawalaumu? Kisha katika chumba hichohicho kimoja wanapika ugali, wanachemsha maji ya kuoga na kulala. Hata gesi ya kupikia yenyewe hutoa mvuke inapoungua. Mvuke huo hukutana na ukuta wa nje ulio baridi, hugeuka maji, na kuvu hupata makazi nyuma ya kitanda mahali hewa isipopita. Kuipaka rangi kuvu ni kuitandikia. Ioshwe kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa kwa maji, madirisha yakiwa wazi, bila kuchanganya dawa hiyo na kisafishio kingine chochote kwa kuwa mchanganyiko waweza kutoa hewa ya sumu. Kisha kitanda kisogezwe kidogo na tundu moja angalau lizibuliwe.

Hapa sina budi kusema jambo moja kwa sauti. Kuna wanaoingiza jiko la makaa chumbani ili kukausha rangi haraka au kuondoa baridi, wakafunga mlango. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Hakuna ukuta unaostahili hilo. Wala makaa hayakaushi vema: uso hushika haraka, nyuma yake hubaki majimaji, na nyufa nyembamba hufuata.

Nikitafuta watu walioujua wakati wa ukuta, siwapati mbali. Nyumba za udongo bado zipo vijijini nyuma ya senta. Wanaume husimamisha nguzo, nyingi zikiwa za miwati, mti uliopandwa kwa wingi Uasin Gishu enzi za kampuni ya EATEC kwa ajili ya magome yake ya kutengenezea ngozi, na hupigilia fito kulala na kusimama. Kisha udongo uliokandwa kwa miguu hujazwa kati ya fito. Baada ya hapo hakuna anayegusa. Ukuta huachwa ukauke, nao hupasuka. Hupasuka vibaya, nyufa za kuingiza kidole, na mgeni asiyejua angedhani kazi imeharibika. Mwenyewe hupita akitazama nyufa hizo bila wasiwasi wowote, kwa maana anazisubiri. Udongo hauna budi kusinyaa, na ni afadhali usinyae sasa. Ukimaliza kusinyaa ndipo nyufa hujazwa kwa udongo laini zaidi, nao husubiriwa. Halafu wanawake hupaka tabaka la mwisho la udongo, samadi ya ng'ombe na jivu, kwa kiganja, kwa mikono inayojua unene bila kipimo. Samadi ina nyuzinyuzi za nyasi zinazoshikilia udongo usipasuke tena. Mwaka ukigeuka hupakwa upya, na hakuna anayeona kupaka upya ni ushahidi kwamba kazi ya kwanza ilikuwa mbaya.

Ndani ya utaratibu huo kuna hekima tuliyoiacha mlangoni tulipoingia nyumba za mawe. Pale, ufa wa kwanza ni hatua ya kazi. Sisi tukiuona ufa tunakimbilia filla, na methali ya ufa na ukuta imetupa haraka hiyo tangu utotoni. Lakini ufa ulio hai ukizibwa leo hufunguka kesho palepale, pamoja na rangi juu yake. Piga mstari wa penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe, ungoje miezi. Ukivuka alama, au ukiwa mpana kuingiza sarafu na umepanda kwa ngazi kufuata viungo vya mawe, swali ni la msingi na udongo ulio chini yake, nalo humhitaji mwashi au mhandisi kabla ya fundi wa rangi. Usipovuka, upanue kwa ncha ya mwiko uwe na umbo la V, toa vumbi lote, lowesha kingo zake ili zisinyonye maji ya kiraka, kisha jaza kwa tabaka mbili au tatu nyembamba badala ya moja nene. Na pale nguzo ya zege inapokutana na ukuta wa mawe, ambapo vitu viwili hupanuka na kusinyaa kwa namna mbili, waya wa kuku chini ya plasta utafanya kazi ambayo filla haiwezi.

Plasta ya saruji nayo ina muda wake, ila hauonekani kama wa udongo. Inahitaji kumwagiwa maji kwa siku kama saba ili igande vema. Wengi huiacha siku ya pili kwa sababu imeshakuwa ngumu kwa kidole. Kisha inahitaji kukauka, na kipimo kinachotajwa na watengenezaji wa rangi ni siku 28 hivi, katika hali nzuri ya hewa. Agosti ya Kesses haimo katika hali hizo. Tena si maji peke yake. Saruji mbichi ni kali kama magadi, na rangi ya mafuta ikipakwa juu yake mafuta yake hugeuka sabuni: hulainika, hunata, huteleza. Rangi ya maji nayo hufifia kwa madoamadoa. Ndiyo maana iko praima maalumu ya kustahimili ukali huo, na anayeiruka ili kuokoa pesa kidogo hulipia chumba kizima mara mbili.

Kosa kubwa zaidi la saruji, kwa maoni yangu, ni kuipaka juu ya udongo. Mtu amepata pesa kidogo na anataka nyumba ya mama yake ionekane ya kudumu. Nia ni njema kabisa. Lakini udongo hupumua, huvimba msimu wa mvua na kusinyaa Januari, na saruji haiwezi kuufuata. Huachana nao. Ukibisha kwa kifundo cha kidole utasikia uwazi. Maji yaliyoingia kwa ufa mdogo hukaa katikati ya vitu hivyo viwili yakiyeyusha udongo na kuozesha miwati, na hakuna anayejua mpaka pande zima liporomoke. Pwani wanalijua jambo hili vizuri. Nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupitisha unyevu. Zilipoanza kukarabatiwa kwa saruji, maji na chumvi vilifungiwa ndani na kuta zikaharibika kutoka moyoni. Miji hiyo miwili imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, Mji Mkongwe tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, na wahifadhi wake husisitiza turudi kwenye chokaa. Nyumba ya udongo ya Kesses haimo katika orodha yoyote, lakini sheria inayoiongoza ni ileile. Ipakwe udongo wake, au chokaa.

Jipsamu imetufikia kupitia dari. Mtu akijenga nyumba nzuri siku hizi, Eldoret au huku kwetu, anataka dari ya ngazi yenye taa zilizofichwa. Bodi hii ya jipsamu ina historia inayohusiana moja kwa moja na ninachokisema. Mmarekani Augustine Sackett alipata hataza ya bodi yake mwaka 1894, na vizazi vya bodi vilivyofuata vilienea Marekani hasa kwa sababu vilimwondolea mjenzi ule muda wa kungoja plasta mbichi ikauke. Ndugu zetu walioko kule wanaishi kati ya kuta hizo, na wanaojitengenezea nyumba zao wenyewe hujifunza upesi kwamba kungoja hakukufutwa. Kumehamia kwenye viungo. Kati ya bodi mbili hupakwa udongo wa jipsamu, hulazwa utepe, hungojwa. Hupakwa tabaka la pili pana zaidi, hungojwa. La tatu pana zaidi tena, hungojwa. Ndipo msasa upite. Anayepaka tabaka moja nene hupata tuta linaloonekana taa ikiwashwa na ufa unaofuata utepe. Parafujo nayo izame kidogo tu chini ya uso bila kupasua karatasi, maana karatasi ndiyo inayoshika. Na anayepaka rangi juu ya viungo bila kutanguliza praima ataviona milele, kwa vile udongo na karatasi hunyonya rangi kwa viwango tofauti.

Kwetu adui wa dari hizi ni msumari wa bati uliopoteza mpira wake. Tone moja kila mvua, na baada ya muda duara la kahawia limejichora juu ya sebule. Rangi nyeupe ya maji haitalifunika. Doa hupenya kila tabaka kwa sababu linayeyuka katika maji ya rangi yenyewe. Hali kadhalika moshi wa kuni jikoni na utomvu wa vinundu vya mbao za saipresi. Vyote vinahitaji undakoti ya mafuta kwanza. Na bodi iliyolegea kwa maji haiponi: ikatwe mpaka kwenye mbao, ibadilishwe, baada ya msumari kushughulikiwa.

Kuhusu msasa niongeze neno kwa ajili ya watoto. Rangi za zamani za mafuta, hasa za manjano, nyekundu na kijani, nyingi zilikuwa na risasi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa kudhibiti rangi nyeupe ya risasi ulipitishwa mwaka 1921, Marekani ikapiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, na kiwango cha Kenya leo hakiruhusu zaidi ya sehemu 90 katika milioni. Lakini milango na madirisha ya zamani hayajui viwango vipya. Ukiyasugua makavu, vumbi huanguka sakafuni ambako mtoto hutambaa, na hakuna kiasi cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Sugua kwa maji, watoto wakiwa kwa jirani, na deki kabla hawajarudi.

Nimesema kosa ni la mwezi, na najua mwenye ploti atanijibu nini. Kuta za Kesses hukauka kati ya Desemba na Februari, upepo ukiwa mkavu na jua kali. Huo ndio msimu wa kukwangua, kuziba na kupaka. Lakini ndio pia msimu ambao mahindi yaliyouzwa yanageuka karo ya Januari, na baada ya karo inafuata mbolea na mbegu kabla ya Machi. Ukuta ukiwa tayari, mfuko hauko tayari. Mfuko unajaa Septemba kodi inapoingia, na hapo ukuta umelowa. Hili ni jambo zito, na sidhani linatatuliwa kwa kumwambia mtu awe na subira.

Ninachoona kinawezekana ni kugawa kazi mara mbili. Agosti ifanywe ile isiyohitaji ukavu: udongo uondolewe ukutani, mfereji ufungwe, misumari ya bati ikazwe, kuvu ioshwe, rangi iliyobanduka ikwanguliwe, na sehemu ya chini ya ukuta ipakwe chokaa, ambayo ni rahisi, ni safi, na inapitisha mvuke. Chumba hakitang'aa. Mzazi aambiwe ukweli mlangoni: mama, ukuta huu una maji, tutaupaka Januari, na mpaka hapo kodi itapungua kidogo. Nimekutana na wazazi wengi katika msimu huo, na sidhani wangekikataa chumba kwa kuambiwa hivyo. Wengi wametoka kwenye nyumba za udongo na wanajua kungoja. Sehemu ya kodi ya Septemba iwekwe kando siku ileile inapopokelewa, kabla karo haijabisha hodi. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo gharama ya chumba inaweza kukadiriwa mapema bila fundi. Januari, vyumba vipakwe viwili viwili, waliomo wakihamia kwa majirani usiku mmoja au miwili, madirisha yakibaki wazi mchana kutwa. Mkono wa pili upakwe kesho yake asubuhi.